Xournal++: hamisha kazi iwe PDF kabla ya kuitia kwenye flashi

Wiki hii, hapa Bukavu, nilipeleka kazi ya mwisho wa masomo niliyoisahihisha kwa kalamu ya kidijitali katika Xournal++, programu ya kuandika juu ya kurasa za PDF, na kwenye kompyuta ya duka la fotokopi huko Kadutu ikaonekana mistari yangu mekundu tu, ikielea juu ya karatasi nyeupe. Sababu ni kwamba faili la .xopp, ambalo programu hiyo hutengeneza, huhifadhi yale uliyoongeza tu, huku PDF ya asili ikibaki pale ilipokuwa, ikikumbukwa kwa anwani ya folda tu. Kwa hiyo, kabla ya kuchomoa flashi, fungua menyu ya Faili na uhamishe kazi iwe PDF mpya, ambayo itafunguka popote, hata kwenye simu. Ubaya wake ni kwamba wino huganda humo, usifutike tena, basi usitupe .xopp. Anayetaka kuendelea kuandika kwenye kompyuta nyingine achague kuiambatisha PDF anapoifungua mara ya kwanza. Programu itatengeneza nakala yenye mwisho wa .bg.pdf, na mafaili hayo mawili yasafiri pamoja, bila kubadilishwa majina.