Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua nyumba chakavu Dar es Salaam ili kuipangisha

Nyumba za Kiswahili za Magomeni, Ilala na Temeke wengi tunazijua: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uwani nyuma penye jiko, bafu na choo. Nyingi zimechoka. Wazee waliozijenga wametangulia mbele ya haki, watoto wametawanyika, bati limeshika kutu, na chumba cha mwisho kimefungwa kwa sababu mvua ikinyesha hakilaliki. Dalali atakwambia rangi na vigae vinatosha. Rangi na vigae ndivyo vitu vya mwisho kuvifikiria.

Anza na kodi. Pita mtaani uulize chumba kimoja kinakwenda shilingi ngapi, chumba na sebule ni ngapi, na chumba chenye choo ndani ni ngapi. Hiyo ndiyo dari ya bajeti yako, maana mpangaji wa mtaa ule hatakuongezea kwa sababu umeweka jipsamu. Tuseme umenunua kwa milioni 60 na ukarabati umekula 25. Vyumba 6 kwa 100,000 kila kimoja ni 7,200,000 kwa mwaka. Toa miezi ambayo chumba kitakaa wazi, toa matengenezo na kodi za serikali, tuseme umebaki na milioni 6 hivi. Hapo pesa yako inarudi baada ya miaka 14. Kama unategemea mkopo wa benki, rudia hesabu hiyo ukiwa umeweka na riba, kisha ujiulize tena kama bado unaitaka nyumba.

Baada ya hapo ni karatasi, na hapa usiwe na haraka. Nyumba chakavu mara nyingi ni nyumba ya urithi. Anayekuonyesha nyumba anaweza kuwa mtoto wa kwanza, mwenye funguo na maneno matamu, wakati wadogo zake wawili wako Tanga na Mwanza na hawana habari. Omba barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Kwa Mahakama ya Mwanzo ni ile Fomu Na. 4. Ukishaiona, bado dai muhtasari wa kikao cha familia wenye sahihi za warithi wote, maana mrithi mmoja aliyeachwa nje anatosha kukupeleka kwenye baraza la ardhi. Kama muuzaji yu hai na ameoa au ameolewa, ridhaa ya mwenzake ni lazima: Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa kwa siri.

Kisha fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue kama kuna rehani au zuio. Angalia pia imebaki miaka mingapi, kwa sababu hati ni ya muda (33, 66 au 99), na nyumba ya zamani inaweza kuwa imekaribia kuumaliza. Ukiambiwa hakuna hati, kuna leseni ya makazi tu, jua kuwa hiyo ni haki ya muda mfupi zaidi na bei lazima ishuke. Mwenyekiti wa mtaa ni mtu wa kumsikiliza sana kuhusu historia ya nyumba na ugomvi wake, ila muhuri wake hauthibitishi umiliki. Nyumba ikiwa karibu na barabara kubwa, tazama kuta kama zina alama ya X, ile ya nyumba inayotakiwa kubomolewa, hata iliyopakwa chokaa juu yake. Angalia na deni la kodi ya ardhi na la maji, ulikatie kwenye bei.

Sasa nyumba yenyewe. Adui yako ni maji, yanayotoka juu na yanayopanda kutoka chini. Nenda wakati wa masika, mvua ikinyesha, uone maji ya uwani yanaelekea wapi. Panda darini na bisibisi. Idunge kwenye kenchi na papi, yaani mbao zinazobeba bati. Ikizama bila nguvu, mchwa wameshamaliza kazi na utanunua paa zima. Bati likiwa la asibesto, yale mazito ya kijivu, usiruhusu fundi alikate kwa msumeno: vumbi lake ni hatari kwa mapafu.

Ukutani, tazama chini, usawa wa goti. Lipu inayobanduka na kuacha chumvi nyeupe kama unga ni dalili ya unyevu unaopanda, na kupaka rangi juu yake ni kununua miezi michache. Sakafuni, bandika kipande cha nailoni kwa utepe wa gundi pande zote na ukiache usiku kucha. Ukikuta matone upande wa chini, usiweke vigae kabla ya kushughulikia unyevu. Tena bandua lipu kidogo mahali pasipoonekana. Baadhi ya nyumba hizi zina miti na udongo ndani, saruji iko nje tu. Zinaweza kukaliwa miaka, lakini usizibebeshe tangi la maji wala zege juu.

Chooni, fungua chemba. Kwenye kiwanja kidogo shimo jipya linaweza kukosa nafasi, na vyoo vitatu vya ndani kwenye shimo la zamani maana yake gari la majitaka litakuwa mgeni wako wa kila mara. Ukitaka kuongeza vyumba au kubadili ramani, pata kibali cha halmashauri kabla ya fundi kushika nyundo.

Nyaya za zamani ng'oa zote, weka ethi (waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini), na mpe kazi fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Wakati huo huo fikiria mita. Wapangaji sita kuchangia LUKU moja ni ugomvi wa kila wiki, kwa hiyo kila chumba kiwe na mita yake ndogo ya ndani.

Mafundi walipe kwa hatua iliyokamilika, vifaa ununue mwenyewe, na kwenye makisio ongeza angalau asilimia 20, kwa sababu ukuta wa zamani hausemi yote mpaka uuvunje.

La mwisho ni wapangaji waliomo. Soma mikataba yao kabla hujalipa, uone nani ameshalipa miezi sita mbele kwa mwenye nyumba wa zamani. Pesa hiyo ikatwe kwenye bei yako, na tarehe ya kila mmoja kuondoka au kubaki iandikwe kwenye mkataba wa mauziano.