Gawa kinyesi cha paka kabla hujakigandisha

Kwa utafiti wa bakteria wa utumbo, gawa kinyesi cha paka kwenye vichupa vidogo kikiwa bado kibichi, kila kichupa kitoshe kupima mara moja tu, ndipo ugandishe kwa nyuzi -80 za Selsiasi. Chota sehemu ya katikati isiyogusa mchanga wa choo chake (na glavu, maana huenda kuna toksoplasma, kimelea kinachoweza kuambukiza watu). Kila kinapoyeyuka na kuganda tena, seli hupasuka, DNA huharibika na uwiano wa bakteria hubadilika. Ukiweka kinyesi chote kwenye chupa moja utalazimika kuyeyusha kila unapopima. Friza ya nyumbani inayojiyeyushia barafu yenyewe haifai kwa muda mrefu, joto lake hupanda na kushuka. Ukitaka kuotesha bakteria hai, usigandishe kabisa: peleka maabara siku hiyohiyo kwenye kasha la baridi.