Jinsi ya kujenga madai ya ratiba na uchovu wa marubani yasiyobomoka kikaoni

Ukimuuliza meneja wa operesheni kuhusu uchovu wa marubani, jibu lake huwa tayari mdomoni: "Hakuna rosta hata moja iliyovunja sheria." Mara nyingi anasema kweli, na ndiyo maana madai mengi hufia kwenye kikao cha kwanza cha mazungumzo na kampuni. Chama cha marubani kimekuja na kauli kwamba watu wamechoka, kampuni imekuja na majedwali. Rosta, yaani ratiba ya zamu za rubani, inaweza kuwa halali kila siku na bado ikamfikisha rubani mahali ambapo hasikii vizuri kimo alichopewa na mwongoza ndege. Kulithibitisha hilo kunahitaji saa na dakika, na kuzikusanya huchukua miezi sita hivi kabla barua ya madai haijaandikwa.

Daftari la kila rubani

Hifadhi rosta mbili: iliyochapishwa na iliyofanyika. Programu nyingi za ratiba huandika mabadiliko juu ya rosta ya awali, na ikishafutika huna tena cha kulinganisha. Siku rosta inapotoka, ipige picha au ihifadhi kama faili pamoja na tarehe. Kila inapobadilishwa, hifadhi upya na uandike nani alipiga simu, saa ngapi, na mabadiliko gani aliyoagiza. Usiweke kumbukumbu hizi kwenye tableti ya kampuni. Mgogoro ukishika kasi, tableti inaweza kudaiwa irudishwe siku hiyohiyo.

Kwa kila zamu andika saa ya kuripoti. Saa ndege iliposogea na saa iliposimama kwenye maegesho, kwa kila mruko. Saa ulipomaliza kazi zote. Saa ulipofika hotelini au nyumbani. Saa ulipolala na ulipoamka. Safari ya basi kutoka uwanjani hadi hotelini ni sehemu inayosahaulika mno, ilhali dakika 50 za kwenda na 50 za kurudi zinakatwa kwenye usingizi wa rubani. Dakika chache kabla ya kuanza kushuka, kazi ikiwa bado ndogo, jipime kwa kipimo cha uchovu kiitwacho Samn-Perelli: 1 ni macho makavu kabisa, 7 ni kuishiwa nguvu kiasi cha kutoweza kufanya kazi ipasavyo. Iandike namba yenyewe tu. Maelezo yatafuata ukiwa ardhini.

Saa ziandikwe kwa mfumo wa saa 24, UTC (saa ya pamoja ya dunia) na saa za kituo pamoja. Kwa Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu "saa moja" ya mazungumzo ni 07:00 au 19:00 ya daftari. Shahidi akisema kikaoni kwamba aliripoti saa kumi na mbili, mkalimani akaandika 12:00, ushahidi wa wiki nzima umeharibika.

Kuihesabu zamu moja

Tuchukue kanuni za Umoja wa Ulaya, zilizoanza kutumika Februari 2016, kwa kuwa zinafanana na za nchi nyingi. Rubani ambaye mwili wake umezoea saa za mahali hapo anaripoti 06:10 kwa miruko minne. Ukomo wa zamu yake ya kuruka, yaani tangu kuripoti hadi injini kuzimwa baada ya mruko wa mwisho, ni saa 12. Rosta inaonyesha injini zitazimwa 17:20, kwa hiyo kwenye karatasi zamu ni saa 11 na dakika 10. Lakini ndege inachelewa kupakiwa, inasubiri foleni ya kuruka, na injini zinazimwa 18:52. Zamu imefika saa 12 na dakika 42. Dakika 42 za ziada ziliwezekana tu kwa sababu kapteni alikubali kutumia hiari yake.

Hesabu haijaishia hapo. Baada ya injini kuzimwa kuna makaratasi na kukabidhi ndege, tuseme dakika 30, kwa hiyo kazi imeisha 19:22. Jumla ya muda wa kazi ni saa 13 na dakika 12. Kwenye kituo chake cha nyumbani, rubani anastahili mapumziko yenye urefu wa kazi iliyotangulia au saa 12, lolote lililo refu zaidi. Hapa ni saa 13 na dakika 12, maana yake hawezi kuripoti kabla ya 08:34. Kama rosta ya kesho inasema 07:00 na hakuna aliyeisogeza, umepata ukiukaji halisi, na umeupata kwa sababu tu uliandika saa ya kumaliza kazi zote badala ya saa ya kutua.

Baada ya zamu moja, panda kwenye jumla. Ulaya inaruhusu saa 60 za kazi katika siku 7 mfululizo, 110 katika siku 14 na 190 katika siku 28. Saa za kuruka haziruhusiwi kuzidi 100 katika siku 28, 900 katika mwaka wa kalenda na 1,000 katika miezi 12 mfululizo. Kosa la kila mara ni kuhesabu kwa mwezi wa kalenda. Siku 28 ni dirisha linalosogea siku baada ya siku, kwa hiyo nusu ya pili ya Machi na nusu ya kwanza ya Aprili zinaweza kuvuka ukomo ilhali kila mwezi peke yake uko sawa. Marekani hutumia Sehemu ya 117 ya kanuni zake za anga, iliyoanza Januari 4, 2014: mapumziko ya saa 10 kabla ya zamu, ndani yake nafasi ya saa 8 za usingizi bila kukatizwa, na saa 30 mfululizo bila kazi katika kila saa 168. Marubani wa ndege za mizigo waliachwa nje ya kanuni hizo, jambo ambalo hadi leo halina utetezi wa kisayansi, maana usiku wa rubani wa mizigo ni usiku uleule. Tumia kanuni za nchi iliyoipa kampuni yako leseni, ila njia ya kuhesabu ni hii.

Hiari ya kapteni, silaha ambayo haitumiwi

Chini ya kanuni za Ulaya kapteni anaweza kurefusha zamu kwa hadi saa 2, ndege ikiwa na idadi ya kawaida ya marubani bila wa ziada, pale tu jambo lisilotarajiwa linapojitokeza. Ni hiari. Mtu wa ofisini hana mamlaka ya kuiagiza, na kapteni anayesema "hapana" baada ya kuwauliza wenzake hali zao yuko ndani ya sheria. Kila inapotumika anaandika ripoti kwa kampuni, na ikizidi saa moja kampuni inatakiwa kupeleka nakala kwa mamlaka ya anga ndani ya siku 28.

Makapteni wengi huruka ripoti hii kwa sababu ni dakika 10 tu zimezidi na kila mtu anataka kwenda kulala. Hilo linaugharimu upande wao mno. Kanuni hizohizo zinasema kwamba kama zamu halisi zinavuka ukomo katika zaidi ya asilimia 33 ya zamu za ratiba fulani ndani ya msimu mmoja, kampuni lazima ibadilishe ratiba au mpangilio wa wafanyakazi. Ukiwa na zamu 60 za njia moja na 21 zimevuka, ni asilimia 35. Hapo chama hakiombi tena, kinasoma kifungu. Lakini ripoti 21 zikipungua hadi 15 kwa sababu watu sita hawakuandika, imekuwa asilimia 25 na mlango umefungwa.

Ripoti ya uchovu inayosomeka

Ripoti ya "nilichoka sana, ratiba ni mbaya" itafungwa bila hatua. Inayofanya kazi ina usingizi, muda wa kukaa macho, mpangilio wa zamu zilizotangulia na kilichotokea. Mfano:

"Zamu ya nne mfululizo ya alfajiri. Usingizi wa siku nne: 5:10, 5:30, 4:50, 4:40. Niliamka 03:40. Mruko wa nne, kipimo 6 kabla ya kushuka. Nilirudia redioni futi 6,000 badala ya 5,000 tulizopewa. Rubani mwenzangu alisahihisha mara moja."

Sentensi ya mwisho huwatisha watu kuiandika. Iandike. Bila kosa lililoonekana, uchovu unabaki hisia. Hata hivyo, kabla ya kuwahimiza wanachama waandike, chama kihakikishe kuna ulinzi wa maandishi dhidi ya adhabu kwa makosa ya kweli yaliyoripotiwa kwa hiari. Mahali ambapo ulinzi huo haupo, uwe dai la kwanza, kabla hata ya mshahara.

Ajali ya ndege ya shirika la Colgan Air, safari namba 3407, karibu na Buffalo, Februari 12, 2009, iliyoua watu 50, ndiyo iliyoisukuma Marekani kuandika kanuni mpya za uchovu. Kapteni alikuwa amelala kwenye chumba cha wafanyakazi uwanjani Newark. Rubani msaidizi alisafiri usiku kucha kutoka Seattle kufika kazini. Wachunguzi waliona kwamba huenda uchovu ulipunguza uwezo wao, ingawa chanzo walichokitaja ni namna kapteni alivyoitikia onyo la ndege kupoteza uwezo wa kuelea. Ukiitaja kikaoni, itaje hivyohivyo. Ukisema uchovu ndio uliiangusha, upande wa pili utakusahihisha na utakuwa umepoteza kuaminika kwa siku nzima.

Dai na gharama yake

Piga hesabu ya dai lako kabla kampuni haijakupigia. Tuseme mna marubani 120, kila mmoja ana siku 8 za mapumziko katika siku 28, na mnataka 10. Siku za kazi za sasa ni 120 × 20, yaani 2,400. Kila rubani akibaki na 18, wanahitajika 134. Mmeomba waajiriwe watu 14, pamoja na mafunzo yao ya aina ya ndege. Mkiijua namba hiyo mtaelewa kwa nini mnakataliwa, na mtakuja na pendekezo la pili mkononi.

Mara nyingi pendekezo la pili ni bora kuliko la kwanza, kwa sababu kinachochosha zaidi ni mfuatano wa zamu: kumaliza usiku kisha kuanza mapema. Kifungu kiwe hivi: "Rubani aliyemaliza kazi baada ya 23:00 hatapangiwa kuripoti kabla ya 13:00 siku inayofuata. Ikitokea, siku hiyo italipwa mara mbili, na kampuni itatoa sababu kwa maandishi ndani ya siku 7." Kikatae kifungu chochote chenye maneno "kampuni itajitahidi". Hakuna msuluhishi anayeweza kukitekeleza.

Mazungumzo yakikwama

Pitia kila hatua ya sheria ya kazi ya nchi yako, kwa maandishi na kwa tarehe. Marekani, chini ya sheria ya mwaka 1926 ya kazi za reli iliyoingiza mashirika ya ndege mwaka 1936, mkataba hauishi muda wake. Unabaki ukitumika mpaka upatanishi uishe, bodi ya upatanishi iwaachie, na siku 30 za kutuliza zipite. Kwingineko hatua ni fupi zaidi, lakini mahakama huingilia vilevile. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waliogoma walirudi kazini baada ya siku chache kwa amri ya mahakama.

Hatari kubwa zaidi ni mgomo usiotangazwa. Februari 1999 marubani wa American Airlines walijitangaza wagonjwa kwa wingi. Mahakama ilikitoza chama chao faini ya zaidi ya dola milioni 45. Australia mwaka 1989 marubani walianza kwa kuruka saa za ofisi pekee, wakashtakiwa, wakajiuzulu kwa pamoja, na serikali ikaleta ndege za jeshi na za nje. Wengi hawakurudi kwenye kazi zao. Mwanachama asiandike kwenye kundi la simu neno lolote linalowahimiza wenzake "waumwe". Ujumbe huo utasomwa mahakamani.

Kura iwe ya siri, na idadi ya waliopiga iwe kubwa. Marubani wa British Airways walipogoma Septemba 9 na 10, 2019, walikuwa na asilimia 93 ya kura za ndiyo, na karibu safari zote za siku hizo zilifutwa.

Kabla ya kusaini makubaliano ya kurudi kazini, angalia mambo matatu ambayo huachwa kwa sababu kila mtu amechoka: kwamba hakuna atakayeadhibiwa wala kushushwa kwenye orodha ya ukongwe, siku za mgomo zitahesabiwaje kwenye likizo na pensheni, na nani atapanga rosta ya siku 7 za kwanza. Ndege na wafanyakazi watakuwa wametawanyika viwanja tofauti, kampuni itakuwa na haraka, na wiki hiyo ndiyo ya hatari zaidi kwa uchovu. Mwakilishi wa chama akae chumba cha ratiba, akiwa na mamlaka ya kusimamisha zamu.