Sonata za Mozart na Beethoven kwenye kinanda cha kanisani

Kabla ya kufungua sonata ya Mozart, yaani utungo wa piano wenye sehemu kadhaa, hesabu vibonye vya kinanda chako. Vinanda ninavyofundishia hapa Bukavu vina vibonye 61, yaani oktava tano, na wanafunzi huniambia, "Mwalimu, hiki ni kidogo mno." Piano aliyokuwa nayo Mozart mjini Vienna, kazi ya fundi Anton Walter, nayo ilikuwa na oktava tano. Yake ilianzia fa ya chini. Chako huenda kinaanzia do iliyo juu yake. Nota ya besi ikikosekana, ipandishe oktava moja uendelee.

Shughuli kubwa iko kwenye sauti. Nyundo za piano ile zilikuwa ndogo, zimevikwa ngozi. Sauti ilitoka wazi ikafifia upesi. Kwa hiyo zima ile sauti ya nyuzi ambayo sisi wa kwaya tunapenda kuichanganya na piano. Zima mwangwi. Washa mguso, ili kidole chenyewe kiamue nguvu. Mguu usikaribie pedali. Sasa piga mwanzo wa sonata K. 545 (K. ni namba katika orodha ya kazi za Mozart), ya mwaka 1788, ambayo Mozart mwenyewe aliiorodhesha kuwa ya wanaoanza: do-sol-mi-sol ya mkono wa kushoto iwe nyepesi hadi mkono wa kulia usihitaji kulazimisha.

Halafu pinde, ile mistari iliyopinda inayounganisha nota. Hapa ndipo ninapokaa na mwanafunzi muda mrefu kuliko popote, kwa sababu upinde mfupi ukipuuzwa, muziki wote unakuwa bapa. Nota ya kwanza chini ya upinde inabeba uzito, ya mwisho inalegea na kidole kinainuka. Allegro, yaani sehemu ya haraka, ya sonata ya Beethoven Op. 31 namba 2 (Op. ni namba ya kazi ya mtunzi) imejaa jozi za namna hiyo. Ziimbe kwa neno "baba", ba ya kwanza nzito, ya pili inaachiwa. Umeme ukikatika hatuvunji somo, tunaimba hivyo hivyo gizani, na mara nyingi vidole hufuata vizuri zaidi umeme ukirudi.

Trili, yaani nota mbili jirani zinazopishana upesi, ianzie nota ya juu, ndivyo mtunzi C.P.E. Bach alivyofundisha katika kitabu chake cha 1753. Sehemu inayorudiwa usiipige kama nakala ya ile ya kwanza. Tazama Adagio, sehemu ya polepole, ya K. 332: toleo lililochapwa 1784 lina mapambo ambayo hayamo katika mwandiko wa Mozart pale wimbo unaporejea. Ongeza kidogo, kwa adabu.

Nota za Mozart zipakue kwenye maktaba ya mtandaoni ya Mozarteum, taasisi ya Mozart iliyoko Salzburg, ni bure. Matoleo mengi ya karne ya 19 yameongezewa pinde na pedali ambazo mtunzi hakuziandika.

Beethoven wa Op. 27 namba 2, ya 1801, ndiye anayewatatiza wengi. Aliagiza sehemu ya kwanza yote ipigwe bila vizuia sauti, yaani vile vinavyonyamazisha nyuzi viwe vimeinuliwa kwa pedali. Kwenye piano zake sauti zilikufa zenyewe; kwenye piano ya leo zinarundikana. Ukiwa na piano ya kweli, kanyaga pedali nusu. Pedali ya kinanda chetu inajua kuwaka na kuzima tu, basi iachie na kuikanyaga tena kila besi inapobadilika, ukichelewa kidogo sana. Na alama yake ya kipimo inataka mapigo mawili kati ya mstari wa wima mmoja na unaofuata, si manne. Hesabu mawili, usiburute.