Somo: Kumwachia mtu mali yako kwa karatasi inayosimama

Jambo kwenu wote. Wengi tunatoka Lubumbashi: mmoja anafuata kazi Kolwezi, mwingine biashara Zambia, mwingine matibabu India. Nyumba inabaki, funguo anapewa ndugu, maneno yanaishia mdomoni. Mimi niliandika mstari mmoja tu, "asimamie mali yangu yote", nikakaa nje miezi 14. Niliporudi Katuba nilikuta wapangaji watatu na garanti zao, yaani fedha za dhamana wanazoweka wanapoingia, zimeliwa. Karatasi yangu haikusema garanti ziwekwe wapi.

Hatua ya 1. Tenga mali. Vitu vya kubeba, kama friji, mashine ya kushona au fedha, unaviweka amana. Anayepokea amana lazima aitunze kama anavyotunza vyake, asiitumie bila ruhusa, na arudishe kitu kilekile. Andikeni orodha yenye alama na namba za vitu, mtie sahihi wote wawili. Nyumba na parseli, yaani kiwanja, ni jambo jingine: hapo unatoa prokurasio, yaani unampa mtu uwezo wa kutenda kwa jina lako. Yote mawili yamo katika dekreti, yaani amri ya kisheria, ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo bado ndiyo msingi wetu hapa Kongo.

Hatua ya 2. Andika mipaka. Hii ndiyo hatua kubwa, msiipite mbio. Prokurasio ya maneno ya jumla inampa mtu usimamizi tu: kupangisha, kupokea kodi, kutengeneza paa. Kuuza au kuweka rehani kunataka uwezo ulioandikwa waziwazi. Hata hivyo, andika: "Hana ruhusa ya kuuza, kuweka rehani, wala kugawa parseli." Mnunuzi anayesoma mstari huo hawezi kusema hakujua. Taja anuani, namba ya sertifika (hati ya umiliki), kodi inapelekwa wapi, garanti inakaa kwa nani, hesabu inatolewa kila baada ya miezi mingapi, na mwisho wa uwezo huo ni tarehe gani. Taja malipo pia, maana pasipo makubaliano kazi hii ni ya bure, na mtu anayechoka bure hujilipa mwenyewe.

Hatua ya 3. Nendeni kwa notera, yaani ofisa anayethibitisha hati, wote wawili, na vitambulisho.

Hatua ya 4. Mpe kopi ya sertifika, si asili. Waambie wapangaji kwa barua nani anawapa risiti.

MASWALI

Mama wa Ruashi: Mume wangu alimpa mdogo wake prokurasio. Mume amefariki, shemeji anasema karatasi bado ina nguvu.

Jibu: Pole sana, mama. Haina nguvu. Prokurasio inakwisha kwa kifo cha aliyeitoa. Sasa ni mambo ya urithi, na anayeyashughulikia ni likidateri wa urithi, yaani msimamizi wa mirathi. Ninyi warithi daini kwa maandishi hesabu ya kodi zote alizopokea, na mwone avoka (wakili) mapema.

Ndugu wa Kampemba: Nikimnyang'anya uwezo, inatosha kumwambia kwa simu?

Jibu: Hapana, ndugu. Unaweza kumwondoa wakati wowote, lakini mtu wa nje asiyejua analindwa: mpangaji akimlipa kwa nia njema, amelipa. Chukua karatasi mkononi mwake, mwandikie yeye, waandikie wapangaji, umjulishe notera.

Yaya (kaka mkubwa) wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi: Nikitaka kweli auze, niandike peke yangu? Nina mke.

Jibu: Kaeni pamoja, yaya. Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inataka ridhaa ya mke na mume kuhamisha nyumba. Sahihi yake iwe kwenye karatasi hiyohiyo, na bei ya chini kabisa iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno.