Faili moja la mipangilio ya sheli kwa Linux, macOS na FreeBSD

Ukitumia faili lilelile la mipangilio ya sheli (programu inayopokea na kutekeleza amri unazoandika) kwenye kompyuta za mifumo tofauti, uliza jina la mfumo mara moja tu, mwanzoni, kwa amri ya `uname -s`, ambayo hujibu Linux, Darwin (yaani macOS) au FreeBSD, kisha tumia `case`, muundo wa kuchagua hatua kulingana na jibu, kutenga yale yanayotofautiana. Mfano ni rangi za `ls`, amri ya kuorodhesha faili: kwenye Linux yenye zana za GNU (mkusanyiko wa programu huria za amri za msingi) huwashwa kwa `--color=auto`, ilhali macOS hutumia `-G`, na kwa GNU herufi hiyohiyo huficha safu ya kundi bila kutoa kosa lolote.

Mara nyingi, hata hivyo, ni heri kuiuliza programu kuliko mfumo, kwa kuwa mwenye macOS huenda ameshasakinisha zana za GNU. Hapo tumia `command -v`, inayoonyesha kama programu ipo na iliyomo katika POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix, badala ya `which`, ambayo haimo.

Kwa `sed`, amri ya kuhariri maandishi, ukitaka kubadilisha faili lenyewe andika `sed -i.bak`, kiambishi cha nakala ya akiba (`.bak`) kikiwa kimeshikana na `-i`, kwani umbo hilo hukubalika pande zote. Tahadhari kubwa zaidi ni bash, mojawapo ya sheli: ile inayokuja na macOS ingali toleo la 3.2, kwa hiyo `declare -A`, amri ya kuunda orodha yenye majina badala ya namba, iliyoanza na toleo la 4, itakwama, na tangu 2019 sheli ya kawaida ya macOS ni zsh. Yanayotumiwa na sheli zote yaandikwe kwa sarufi ya POSIX, katika faili lake, na kila sheli ilisome kwa amri ya nukta (`.`).