Leseni ya uhandisi Marekani kwa aliyesomea Afrika Mashariki: pa kuanzia

Kama ulihitimu uhandisi Mlimani, Juja, Nairobi au Makerere na sasa unaishi Marekani, usiogope mtihani kwanza. Karatasi ndizo zinazokula miaka. Hesabu injinia wa kwetu huziweza. Anachokwama nacho ni transkripti iliyolala ofisi ya msajili, jina lisilofanana kwenye vyeti viwili, au bosi wa zamani aliyestaafu na hapokei simu. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye karatasi, na mitihani nitaipitia kwa kadiri inavyostahili.

Kabla ya yote, jiulize kama leseni yenyewe unaihitaji. Mwenye leseni huweka herufi PE (Professional Engineer) baada ya jina lake, na ndiye anayeruhusiwa kusaini na kugonga muhuri kwenye michoro inayokwenda kwa umma: majengo, barabara, madaraja, maji, umeme na mifumo ya hewa ya majengo. Anayesanifu bidhaa kiwandani kwa mwajiri wake, sheria za majimbo mengi humsamehe. Anayeandika programu za kompyuta haimhusu kabisa. Lakini kama fani yako ni ujenzi, bila PE utaajiriwa vizuri tu, kisha utafika cheo fulani na hapo hupandi tena.

Chagua jimbo kabla ya kulipa chochote

Marekani haina leseni moja ya taifa. Kila jimbo lina sheria yake na bodi yake. Wyoming ilitangulia mwaka 1907. Texas ilitunga sheria yake 1937, miezi michache baada ya gesi kulipuka katika shule ya New London na kuua watoto na walimu karibu 300. Kwa sababu hiyo, ushauri wa rafiki aliyepata leseni Ohio unaweza kukupoteza wewe uliye Georgia.

Mitihani mikuu miwili, FE wa misingi na PE wa leseni yenyewe, hutungwa na NCEES, ambayo ni jumuiya ya bodi hizo zote. NCEES haitoi leseni. Inayotoa ni bodi ya jimbo, na ndiyo yenye kauli ya mwisho juu ya shahada yako, uzoefu wako na wadhamini wako, yaani watu watakaoshuhudia kazi na maadili yako. Fungua tovuti ya bodi yako usome masharti ya mtu mwenye shahada ya nje, maana mara nyingi yana ukurasa wake peke yake.

Tofauti si ndogo. Majimbo mengi yanataka miaka 4 ya uzoefu baada ya shahada. California inaridhika na miaka 2 kwa mwenye shahada iliyoidhinishwa na ABET, shirika la Marekani linaloidhinisha programu za uhandisi, lakini mhandisi wa ujenzi inamwongezea mitihani miwili ya jimbo: wa matetemeko ya ardhi na wa upimaji. Texas ina mtihani wa maadili na sheria unaofanyika mtandaoni. Baadhi ya bodi hudai namba ya Social Security, na California inapokea pia ITIN, namba ya mlipakodi asiye na Social Security, jambo linalowagusa wengi ambao makaratasi yao ya uhamiaji bado yako njiani.

Na kama tayari umesajiliwa na bodi ya wahandisi nyumbani, iwe Tanzania, Kenya au Uganda, usajili huo hauhamishiki kuwa leseni ya Marekani. Usiutupe lakini. Ni ushahidi mzuri wa uzoefu, na msimamizi wako wa zamani aliyesajiliwa huko anaweza kuja kukuthibitishia kazi.

Tathmini ya shahada

Shahada zetu nyingi hazina idhini ya ABET, kwa hiyo bodi itataka zipimwe. Watu hufika na tathmini ya WES, shirika la kulinganisha vyeti vya nje, waliyoifanya wakitafuta kazi au chuo, kisha wanaambiwa haitoshi. Bodi nyingi zinataka tathmini ya NCEES yenyewe, kwa sababu hiyo haiishii kusema kwamba shahada yako ni sawa na ya Marekani. Inahesabu somo kwa somo: angalau krediti 32 za hisabati ya juu na sayansi za msingi, na 48 za sayansi ya uhandisi na usanifu.

Hapo ndipo Mtanzania anaposhangaa. Fizikia na kemia tulizimaliza kidato cha sita, shahada ya miaka 4 ikaingia moja kwa moja kwenye uhandisi. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na masomo ya uhandisi ya kumwaga, huku sayansi za msingi zikionekana chache. Ukiambiwa una upungufu, usikate tamaa wala usirudi chuo miaka miwili. Kozi moja au mbili za chuo cha jamii (community college), kemia au fizikia zenye krediti, mara nyingi huziba pengo. Ila iulize bodi kwanza ni kozi ipi itakayoikubali, kisha ndipo ujiandikishe.

Utahitaji transkripti inayotumwa na chuo chenyewe, si nakala uliyonayo kabatini, pamoja na maelezo ya kila kozi uliyosoma. Maelezo haya ndiyo kazi. Kitabu cha mitaala cha miaka yako ya masomo huenda hakipo mtandaoni. Mtumie mtu unayemwamini afike idarani kwa miguu, aonane na katibu wa idara, apige picha kurasa zinazohusika au aombe ziskaniwe. Barua pepe peke yake, kwa ninavyowajua wahusika, huzeeka kwenye kikasha.

Kisha majina. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, shahada ina matatu, pasipoti imeanza na jina la babu, na leseni ya udereva ya Marekani imeyabana mawili yakawa moja. Jina utakalojiandikishia mtihani lazima lifanane na la kitambulisho utakachoonyesha mlangoni, la sivyo unarudishwa na ada imekwenda. Fungua akaunti ya NCEES kwa jina lililo kwenye kitambulisho chako halali cha sasa. Kwa vyeti vinavyotofautiana, tengeneza hati ya kiapo au dipoli (hati ya kubadili jina) mapema, uiambatanishe bila kusubiri kuulizwa.

FE, na janga la futi na pauni

FE ni mtihani wa misingi. Una fani saba, ikiwemo moja ya jumla kwa asiyejiona kwenye nyingine. Unafanyika kwenye kompyuta katika vituo vya Pearson VUE mwaka mzima: maswali 110, muda wa kujibu saa 5 na dakika 20, na mapumziko ya dakika 25 katikati. Kitabu cha fomula kinakuja kwenye skrini, na cha kwako hakiingii. Nakala yake ya PDF inapatikana kwa NCEES. Isome mpaka ujue fomula ipi iko wapi, maana siku ya mtihani muda mwingi huishia kwenye kutafuta.

Vikokotoo vinavyoruhusiwa ni vichache: Casio za fx-115 na fx-991, TI-30X na TI-36X, na HP 33s na 35s. Bahati nzuri, fx-991 ndiyo wengi wetu tuliyosomea. Ukifeli, utapata ripoti inayoonyesha ulipoteleza. Unaruhusiwa kujaribu mara moja katika kila robo ya mwaka, na si zaidi ya mara tatu ndani ya miezi 12.

Kinachowaangusha watu wetu ni vipimo. FE inachanganya mita na futi, na PE ya ujenzi imezama kwenye futi. Zege la psi (pauni kwa inchi ya mraba) 4,000 ni kama MPa 27.6, lakini hiyo ni nguvu ya silinda, si ya zile kyubu tulizokuwa tukiponda maabara. Ukilinganisha bila kukumbuka hilo, unapotea. Nondo huhesabiwa kwa thumni za inchi: namba 5 ina kipenyo cha inchi 5/8, karibu na milimita 16 yetu, na namba 8 ni inchi nzima. Mzigo ni kwa kipu, yaani pauni 1,000, takriban kN 4.45. Pauni nayo ni ya tungamo na ni ya nguvu pia, hivyo ile 32.2 (mvutano wa dunia kwa futi) itakusumbua kwenye maswali ya mwendo na ya maji. Fanya mazoezi ukiwa ndani ya futi tangu mwanzo mpaka jibu. Anayebadili kwenda mita, akakokotoa, kisha akarudi, atapata majibu sahihi na kuishiwa muda.

Ukifaulu, iombe bodi cheti cha mhandisi mwanafunzi, EIT. Majimbo mengi hayakitoi mpaka ukiombe. Kwa kutafuta kazi kinasaidia kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa mtu ambaye chuo chake mwajiri hajawahi kukisikia.

Kuandika uzoefu

Hii ndiyo sehemu ninayoiona ikiharibu maombi ya watu hodari. Tumelelewa kutaja kazi kama ya kikosi: tulijenga, tulisimamia, mradi ulikamilika. Bodi inataka kujua wewe uliamua nini. Mtu anaandika, "Nilishiriki usanifu wa makalavati ya barabara ya wilaya." Hilo litarudishwa. Linganisha na hili: "Nilikokotoa mafuriko ya miaka 50 kwa mikondo sita. Kwenye miwili nilichagua kalavati la boksi badala ya bomba kwa kuwa kimo cha tuta hakikutosha. Nilikagua mmomonyoko upande wa kutokea maji, nikaandaa michoro. Mhandisi msimamizi aliirudisha akitaka mawe makubwa zaidi, nikarekebisha." Kazi ni ileile, ila hapa msomaji anauona uhandisi, na pia anamwona aliyekusimamia.

Uzoefu uonyeshe kwamba majukumu yalikuwa yakikua. Kuhesabu vibarua, kufuatilia saruji na kupanga malori ni kazi ya heshima, lakini bodi nyingi haziihesabu. Kama ulikuwa upande wa mkandarasi, chomoa yale ya kihandisi: ulibuni vipi kiunzi cha kushikilia zege, ulifanya nini majibu ya kyubu yalipokuja chini.

Ukitumia rekodi ya NCEES, yaani faili moja la sifa zako linalotunzwa huko, muda wote tangu kuhitimu lazima uelezwe, pamoja na miezi ya kubeba maboksi au kuendesha Uber. Usiifiche. Iandike kama kazi isiyo ya uhandisi, uendelee mbele. Pengo lisiloelezwa ndilo linaloleta maswali.

Bodi hupendelea kazi iliyofanyika chini ya PE. Kama msimamizi wako hapa hana leseni, ongea mapema na PE mwingine wa kampuni yenu aanze kupitia kazi zako. Baada ya miaka 4 hawezi kuthibitisha asichokiona. Kwa kazi za nyumbani, mtafute yule mhandisi aliyesajiliwa aliyekusimamia, umwombe barua pepe anayoitumia kweli, na uiulize bodi kama itampokea.

Wadhamini kwa rekodi ya NCEES ni watano, na angalau watatu wawe PE. Wapigie simu kabla ya kuwataja, maana ujumbe wa mfumo huingia kwenye takataka za barua pepe na mzee wa watu hana habari. Kwa aliyeko Dar au Kisumu, mweleze kabisa kwamba ataulizwa kwa Kiingereza kuhusu uwezo na maadili yako, asidhani ni matapeli.

PE na maombi yenyewe

Majimbo mengi sasa yanakuruhusu kufanya PE kabla miaka ya uzoefu haijatimia. Kama lako ni mojawapo, fanya mapema, ukiwa huna watoto watatu na mkopo wa nyumba. PE ya ujenzi ina maswali 80 kwa saa 8, na unachagua tawi: miundo, barabara na usafiri, maji na mazingira, udongo, au usimamizi wa ujenzi. Viwango vya usanifu huonyeshwa kwenye skrini. Fani chache hufanyiwa mtihani siku moja tu kwa mwaka, kwa hiyo tazama kalenda.

Maombi kwa bodi yanakusanya yote hayo: matokeo, tathmini, uzoefu, wadhamini, ada, na kwa baadhi ya majimbo alama za vidole. Swali la kama umewahi kushtakiwa au kuadhibiwa lijibiwe kwa ukweli. Kosa la zamani lililoelezwa husameheka mara nyingi, uongo ukigundulika ni kesi nyingine. Bodi ikiomba nyongeza, jibu ndani ya muda iliyotoa, kwani faili likifungwa huenda ukalipa upya.

Mpaka leseni itoke, usijiite PE, na usimchoree ndugu wa jumuiya yenu nyongeza ya nyumba kwa malipo ukijitangaza kuwa injinia. Bodi hutoza faini kwa hilo. Ikitoka, agiza muhuri kwa vipimo vya jimbo lako na uweke tarehe ya kuhuisha kwenye simu. Texas huhuisha kila mwaka na hudai saa 15 za mafunzo, moja ikiwa ya maadili. California ni kila baada ya miaka 2, bila saa za mafunzo. Ukihamia jimbo jingine utaomba leseni ya huko, na rekodi yako ya NCEES itatumwa kama ilivyo, bila kumsumbua tena katibu wa idara.